Ada za kutengeneza dawa za mifugo na kukaguliwa kiwanda hapa Zanzibar: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Assalaam alaykum wenzangu wa Unguja na Pemba. Maswali haya nnaulizwa kila siku, mengine kwa simu mengine na watu wanaopita dukani, wengi ni vijana waliosomea mifugo au famasia wanataka kuanzisha kiwanda kidogo cha dawa za ng'ombe na kuku, na wengine ni wafugaji tu wanauliza kwani dawa mbona ghali. Nimeyaweka pahala pamoja. Kiwango cha pesa cha kila ada sikukiandika maksudi, viwango vinapangwa kwa kanuni na kanuni hubadilishwa, na zile picha za jaduweli zinazozunguka WhatsApp nyengine za zamani nyengine za Bara, kwahio kiwango chako kichukue ofisini kwa maandishi siku unayopeleka maombi. Hapa tutazungumza ada ni za nini, zinakuja lini, na wapi watu wanapotupa pesa bure.

Nani anatoza huku kwetu, ZFDA au TMDA?

Huku ni ZFDA, Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, kwa Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi Namba 2 ya mwaka 2006 pamoja na marekebisho yake ya 2017. Afya na mifugo si mambo ya Muungano ndo maana tuna wakala wetu wenyewe. TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ni ya Bara, zamani ikiitwa TFDA mpaka 2019 chakula na vipodozi vilipohamishiwa TBS, shirika la viwango, ikabaki na dawa na vifaa tiba. Kiwanda kikiwa Amani, Fumba au Wawi mlango wako wa kwanza ni ZFDA. Ila ukitaka dawa yako iuzwe Tanga au Dar inabidi isajiliwe TMDA vilevile, usajili wa huku hauvuki bahari wenyewe, na ukitaka Mombasa basi Kenya nao wana kurugenzi yao ya dawa za mifugo. Hii maana yake ni ada mara mbili mara tatu kwa dawa moja, na mtu aliyepiga hesabu ya soko la Zanzibar peke yake halafu baadae akataka kuvuka anashtuka. Piga hesabu hio mwanzo.

Kuna ada ngapi? Mbona kila nikienda naambiwa nyengine?

Kwa sababu ni vitu tafauti na watu wanaviita vyote "leseni". Iko ya kusajili jengo, yaani pahala penyewe. Iko ya leseni ya kutengeneza, ambayo inataja wewe unaruhusiwa kutengeneza nini: vidonge, maji ya kunywesha, poda, dawa ya sindano, dawa ya kuogeshea. Iko ya ukaguzi wa kiwanda. Iko ya kusajili dawa yenyewe, na hii ni kwa kila dawa na kila nguvu yake, dawa ya minyoo ya asilimia 2.5 na ya asilimia 10 ni mbili hizo usije ukadhani ni moja. Halafu kuna ada ya kila mwaka ya kuifanya dawa ibaki kwenye daftari, na ada ya mabadiliko pale unapotaka kubadilisha lebo, chupa, pahala pa kununulia malighafi au kuongeza chumba cha pili cha uzalishaji.

Hio ya mwisho ndio inayosahauliwa kuliko zote. Mtu anabadilisha tu msambazaji wa chupa kwa vile yule wa kwanza kapandisha bei, hasemi, ukaguzi unakuja wanaona chupa si ile iliyomo kwenye faili, na hapo tatizo si ada tena.

Nje ya ZFDA kuna usajili wa kampuni BPRA, kodi ZRA, mazingira ZEMA, na kama unaingia kama mwekezaji kuna ZIPA. Hizo zina utaratibu wake, sizichanganyi hapa.

Kwa nini ukaguzi nilipie mbali wakati nshalipia leseni?

Kwa sababu ni kazi mbili. Maombi ya leseni yanasomwa mezani, mtu anapitia faili. Ukaguzi ni timu ya watu inatoka ofisini, inakaa kiwandani kwako siku moja au zaidi kulingana na ukubwa, inachukua sampuli, inarudi inaandika ripoti, wewe unajibu, wanasoma majibu yako, na pengine wanarudi tena. Kiwanda cha sindano kinakula siku nyingi kuliko cha poda ya kuchanganya na chakula, kwa hivo hata bei haiwi sawa.

Na huu si mtindo wetu peke yetu. Uingereza wana kurugenzi yao, Veterinary Medicines Directorate, iko Addlestone mkoa wa Surrey chini ya wizara inayoitwa Defra, na msimamo wao ni kwamba anayetumia huduma alipe gharama yake kamili asibebeshwe mlipa kodi wa kawaida. Kanuni zao za 2013 zilirekebishwa na marekebisho yakaanza kazi tarehe 17 Mei 2024 kwa England, Scotland na Wales, ada nazo zikaangaliwa upya hapo hapo, huku Ireland ya Kaskazini ikibaki na kanuni ya Ulaya namba 2019/6. Marekani wana sheria ya ada za dawa za wanyama tangu 2003, inaongezwa muda kila miaka mitano na mara ya mwisho ilikuwa 2023, nayo imegawa ada mafungu manne: ya maombi, ya dawa iliyomo sokoni, ya kiwanda, na ya kampuni yenye dawa. Chanjo za wanyama kwao hazimo humo kabisa, zinasimamiwa na wizara ya kilimo. Kwahio mtu akikwambia "kulipia ukaguzi ni mambo ya Zanzibar tu" mwambie si kweli.

Wakaguzi wakija wanaangalia nini hasa?

Hapa nnaomba msome kwa utulivu kwa sababu pesa nyingi zinapotea hapa. Ukaguzi wa GMP, yaani utaratibu bora wa utengenezaji, watu wanadhani ni usafi, wanapaka rangi ukuta wiki ile ile, wanavaa makoti meupe, wanaona wameshamaliza. Usafi ni sehemu ndogo.

Wanaanza na njia. Malighafi inaingia mlango gani, inakaa wapi kabla haijapimwa, ikishapimwa inahamia wapi, inapimwa kwenye mizani ipi, inachanganywa wapi, inajazwa wapi, inatoka wapi. Njia hio isijirudie na isipishane. Kama mfanyakazi aliebeba dramu chafu ya kutoka stoo anapita pale pale inapopita chupa iliyojazwa tayari basi umeshaandikiwa kasoro kabla hawajafungua faili hata moja.

Wanaenda kwenye maji. Maji ya mfereji au ya kisima sio maji ya kutengenezea dawa, hata kama ni matamu na familia nzima inayanywa. Visima vyetu vingi hasa karibu na pwani vina chumvi, na chumvi na chokaa zinaharibu dawa zikakaa chini ya chupa kama mchanga. Watataka kuona mtambo wa kusafisha maji, na zaidi ya mtambo watataka daftari la kupima maji: lini, nani alipima, alipata nini, na ile siku majibu yalipokuwa mabaya ulifanya nini. Daftari ambalo siku zote majibu ni mazuri na kwa kalamu moja na mwandiko mmoja linawatia shaka kuliko lenye siku mbaya mbili tatu zilizoelezwa vizuri.

Wataomba rikodi ya bechi moja, yaani dawa iliyotengenezwa kwa mkupuo mmoja, wanachagua wao, si wewe. Wanaifata kutoka risiti ya malighafi mpaka katoni ya mwisho. Nimeona fomu ya bechi pale kwenye sehemu ya uzito wa dawa imeandikwa kilo 5 kamili, bechi ya pili kilo 5 kamili, ya tatu kilo 5 kamili, wakati mizani ile inasoma mpaka gramu. Hakuna mtu anapima poda akapata namba ile ile kila siku. Mkaguzi aliuliza swali moja tu, "hii mulipima au muliandika?", na kimya kikawa ndio jibu.

Halafu wataingia kwenye mambo ya kutenganisha. Penisilini na jamaa zake haichanganywi jengo na dawa nyengine kwa sababu vumbi lake dogo tu linaweza kumdhuru mtu au mnyama mwenye aleji, na hewa ya chumba kimoja ikienda chumba chengine ndio basi. Kama ndoto yako ni kutengeneza pen-strep ya ng'ombe (sindano yenye penisilini ndani yake) na dawa ya minyoo ya kuku chini ya paa moja, ibadilishe ndoto kabla hujaibadilisha pesa. Watauliza pia maabara yako ya kupima ubora, sampuli unazohifadhi za kila bechi, na majaribio ya kukaa: dawa imewekwa nyuzi 30 miezi mingapi imebaki na nguvu kiasi gani, na ile ya haraka ya nyuzi 40 kwa unyevu wa asilimia 75 miezi sita. Kwa joto letu hili la Februari na Machi hicho si kitu cha kukopia kutoka makaratasi ya nchi ya baridi.

Mwisho wanazungumza na wafanyakazi. Sio mkurugenzi. Yule kijana anaejaza chupa. Wanamuuliza "mashine ikikwama unafanya nini?" na jibu lake linatakiwa lifanane na kilichoandikwa kwenye utaratibu uliobandikwa ukutani.

Nikifeli ukaguzi pesa zinarudi?

Hapana. Umelipia kazi ya kukagua na kazi imefanyika. Kasoro ndogo unajibu kwa maandishi na ushahidi wa picha na makaratasi, unapewa muda, mambo yanakwisha. Kasoro kubwa au ya hatari wanarudi kukagua, na huko kurudi kunalipiwa. Ndio maana nnawaambia watu ada inayoua biashara changa si ile iliyomo kwenye jaduweli, ni ile ya kukaguliwa mara ya pili na ya tatu pamoja na mishahara na kodi ya jengo unayolipa wakati hujauza hata chupa moja.

Dawa yake ni rahisi na watu hawaifanyi: peleka ramani ofisini kabla hujaweka tofali. Chora vyumba, mishale ya njia ya malighafi na ya watu, milango, mifereji ya maji machafu, nenda kaulize. Kubadilisha mstari kwenye karatasi ni bure, kubomoa ukuta wa tofali na kuhamisha mfereji uliozibwa na sakafu ya terazo ni milioni. Wengi wanajenga kwanza, wanaweka marumaru nzuri, ndo wanakwenda kuomba leseni, wanaambiwa chumba cha kupimia kimekaa pahala pabaya. Inauma kuona.

Mimi sitengenezi, nnanunua dramu kubwa nagawa kwenye chupa ndogo ndogo. Hio ada hainihusu si ndio?

Inakuhusu, ndugu yangu, tena wewe zaidi. Kufungasha upya ni kutengeneza. Ukifungua dramu ya lita 20 ya dawa ya kuogeshea ukaijaza kwenye chupa za maji ya kunywa za nusu lita na kubandika kikaratasi, umeondoa namba ya bechi, umeondoa tarehe ya kwisha muda, umeondoa onyo la sumu, na umeweka sumu ndani ya chupa ambayo mtoto anaijua ni ya maji. Hili nnalisema kwa moyo kabisa. Dawa za kupe nyingi ni sumu za mishipa ya fahamu, kiasi kidogo kinampeleka mtoto hospitali. Mfugaji wa ng'ombe wawili hataki lita nzima, nnajua, na muuzaji anataka kumsaidia, lakini msaada ni kuwashinikiza waagizaji walete vifungashio vidogo vilivyosajiliwa, mililita 20, mililita 50, vipo. Ukitaka kufungasha mwenyewe omba leseni ya kufungasha, ulipe, ukaguliwe, chumba chake hakihitaji mitambo ya kiwanda kizima.

Nnatengeneza dawa ya vidonda kwa mafuta ya makonyo na mwarobaini, ni vitu vya asili tu, nako nilipie?

Kinachoangaliwa ni unachodai, si ulichochanganya. Lebo ikisema "inatibu vidonda", "inaua kupe", "inazuia mdondo" (yale maradhi ya kuku), hio ni dawa mbele ya sheria hata kama ndani yake mna majani matupu. Mafuta ya makonyo ya karafuu ni makali, yasipopimwa yanachoma ngozi ya mnyama, na mwarobaini wa mti huu na wa mti ule haulingani nguvu, kwahio swali la mkaguzi litakuwa lile lile: chupa ya leo na ya mwezi ujao zinafanana? Dawa za asili huwa zina utaratibu wake kwenye usajili na makaratasi yanayotakiwa si mengi kama ya sindano, kwahio usiogope, nenda uulize fungu lako. Pemba tuna karafuu na kiwanda cha mafuta ya makonyo kipo Wawi miaka mingi, ingekuwa jambo zuri sana tukapata dawa halali ya mifugo iliyoandikwa imetengenezwa Pemba.

Na chumvi ya kulamba, madini, mwani?

Hapo inategemea. Jiwe la chumvi la madini linalouzwa kama lishe ni chakula cha mifugo. Poda ya mwani ya kuchanganya na pumba ni chakula cha mifugo. Ukiandika "huongeza maziwa kwa sababu ina madini" bado uko kwenye lishe, ukiandika "hutibu homa ya maziwa" umevuka. Kabla hujachapisha lebo elfu tano peleka moja ofisini waione.

Chanjo je? Kuna mtu ananambia tutengeneze chanjo ya kuku hapa hapa.

Chanjo ni ngazi ya juu kabisa, gharama ya jengo, gharama ya ukaguzi, kila kitu. Unashika kidudu hai, inabidi uhakikishe hakitoki nje na chengine hakiingii ndani. Bara chanjo za mifugo zinatengenezwa Kibaha na wakala wa maabara ya veterinari TVLA, ikiwemo ile ya mdondo ya matone ya jicho aina ya I-2 ambayo inastahamili joto kuliko nyengine na kuku hurudiwa kila miezi mitatu. Chanjo ya ndigana kali, yale maradhi ya kupe yanayomaliza ndama wetu, inatoka kituo cha Lilongwe Malawi na inasafirishwa ndani ya naitrojeni ya kimiminika. Na Afrika nzima tuna maabara ya Umoja wa Afrika ya kuhakiki chanjo, PANVAC, iko Bishoftu Ethiopia. Kwa Zanzibar nnaona pesa yetu ifanye kazi kwenye kuzihifadhi vizuri zikishafika, kwa sababu chanjo ya nyuzi 2 mpaka 8 ikisafiri Unguja hadi Mkoani kwenye kulboksi isiyo na barafu ni maji tu yanayotiwa kuku jichoni.

Kiwanda kiko India au China, sisi tunaagiza tu. Ukaguzi nani analipa?

Anaeomba dawa isajiliwe ndie anaebeba, ama mwenye kiwanda ama muagizaji, mnakubaliana wenyewe. Kiwanda cha nje kwa kawaida hutajiwa ada kwa dola na inakuwa kubwa kuliko ya kiwanda cha ndani kwa vile wakaguzi wanasafiri. Mara nyengine ofisi inaweza kuegemea ripoti ya ukaguzi wa mamlaka nyengine inayoaminika badala ya kusafiri, unaleta cheti cha GMP na ripoti kamili, sio cheti peke yake. TMDA ya Bara tangu Disemba 2018 imepewa na Shirika la Afya Duniani daraja la tatu la ukomavu wa udhibiti wa dawa, ya mwanzo Afrika, kwahio ripoti zake zina uzito. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ina utaratibu wa kutambuana kwenye usajili wa chanjo za mifugo, faili moja linasomwa kwa pamoja. Muagizaji mdogo wa huku ulizia njia hizo kabla hujakubali kulipia tiketi za watu.

Naweza kutumia kiwanda cha mwenzangu nisijenge changu?

Unaweza, na kwa anaeanza ndio njia nnayoipenda. Mwenye kiwanda anabaki na leseni yake na ada za ukaguzi wake, wewe unalipia usajili wa dawa yako, na baina yenu kunakuwa na mkataba unaosema nani anapima malighafi, nani anaruhusu bechi itoke, dawa ikiharibika nani anairudisha kutoka sokoni. Mkataba wa mdomo haukubaliki hata kama mumeoleana.

Nalipaje?

Kwa kontroo namba ya serikali, benki au kwa simu. Hakuna ada ya ukaguzi inayolipwa mkononi wala kwenye namba ya simu ya mtu. Ukishalipa hakikisha jina lililotoka kwenye risiti ni la kampuni yako, sio jina la kijana uliemtuma, maana wakati wa kuhuisha leseni malipo yako yatatafutwa mwaka mzima.

Mkaguzi akiniomba "nauli" au "chakula cha mchana"?

Usitoe. Gharama yake imo ndani ya ada uliyolipa. Mualike maji, ustaarabu wetu unataka hivo, lakini bahasha hapana. Akikung'ang'ania kuna ZAECA, mamlaka ya kuzuia rushwa, na ZFDA wenyewe wana uongozi, peleka na tarehe na alichosema. Nnajua watu wanaogopa kuharibiwa faili. Lakini mkaguzi aliyechukua kwako kesho atachukua kwa yule anaetengeneza dawa feki ya minyoo na mtauza soko moja bei haiwezi kulingana.

Niko Pemba, nisubiri watu kutoka Unguja?

ZFDA wana ofisi Pemba, anza hapo, usipande boti kwa ajili ya fomu. Kwa ukaguzi wa kiwanda timu inaweza kuwa na mtu kutoka Unguja kwa vile wataalamu wa fani fulani ni wachache, kwahio omba tarehe mapema sana na tarehe ikishawekwa uwe unazalisha siku hio. Kiwanda kilichozimwa hakikaguliki, wanakuja kuona kazi inavofanyika, wakikuta mashine zimefunikwa mashuka unaweza kuhesabiwa hukuwa tayari.

Mimi mfugaji tu. Hizi ada si ndio zinanipandishia bei ya dawa?

Kidogo ndio, muuzaji yeyote anaingiza gharama zake kwenye bei. Lakini tuangalie upande wa pili. Sindano ya oksitetrasaiklini iliyotakiwa iwe na asilimia 20 ikawa na nusu yake, ng'ombe anachomwa siku tatu hapoi, unanunua chupa ya pili, unamwita dokta, maziwa yote hayo siku hizo unamwaga kwa sababu ya dawa iliyomo ndani yake, na mwisho wa yote vijidudu vimeshaizoea dawa, mwakani hata ile nzima haifanyi kazi. Ng'ombe mmoja wa maziwa kwa mtu wa Kitope au Konde ni karo ya skuli na ni futari ya Ramadhani. Sehemu ya bei inayoingia kwenye ukaguzi ni ndogo sana ukilinganisha na hasara hio, na mimi nnaeuza dawa kila siku nipo tayari kuilipa.

Ninachokiona si haki ni mzigo kulingana kwa mkubwa na mdogo. Ulaya wana punguzo la ada kwa kampuni ndogo kwenye wakala wao wa dawa, na kanuni yao mpya ya ada iliyoanza Januari 2025 imeendelea nalo. Na sisi tunaweza kuomba hivo, ada ya kwanza ilipwe kwa mafungu, au ukaguzi wa ushauri wa mwanzo uwe wa bei ndogo kwa kiwanda chenye wafanyakazi wachache. Maoni ya wadau yakiitishwa kanuni zinapobadilishwa, tuhudhurie. Mara nyingi wanaokwenda ni waagizaji wakubwa na maoni yao ndio yanaandikwa.

Nitajuaje dawa nnayonunua imetoka kiwanda kilichokaguliwa?

Soma lebo. Jina la kiwanda na pahala kilipo, sio "made in" nchi tu. Namba ya bechi, tarehe ya kutengenezwa na ya kwisha, namba ya usajili, siku za kusubiri kabla ya kula nyama na kunywa maziwa. Maandishi yakifutika kwa kidole chenye mate, rudisha. Chupa ya sindano yenye kifuniko kilichotobolewa, rudisha. Ukiwa na shaka ipeleke na chupa yake na risiti yake ZFDA au kwa dokta wa mifugo wa wilaya, usiihamishie kwenye chupa nyengine, na usiitupe, kwa sababu kwa ile namba ya bechi ndio wanaweza kumfikia aliyeitengeneza.

Leseni yangu inakwisha, naweza kuendelea kuzalisha wakati nnasubiri mpya?

Omba kuhuisha mapema, miezi kabla na sio wiki ya mwisho, na weka barua iliyopigwa muhuri wa kupokelewa ndani ya faili la kiwandani. Tarehe ikipita bila ya leseni na bila ya ruhusa ya maandishi simamisha mashine, bechi utakazotoa kipindi hicho zinaweza kuzuiliwa zote hata kama ni nzuri. Na ukiwa umeshaamua kuacha kabisa, andika barua ya kufunga, uondolewe kwenye daftari, la sivyo ada ya mwaka itaendelea kuhesabiwa juu ya jina lako.